Nadharia, Jaribio au Sampuli: Uchague Njia Ipi Kubashiri kwa Uwezekano na Uwiano

Maswali ya kubashiri wanayopewa wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane karibu yote huishia kwenye hesabu moja: sehemu fulani inazidishwa kwa idadi fulani. Theluthi moja ya 240. Asilimia 68 ya 300. Mwanafunzi aliyeshika vizuri kuzidisha sehemu anaweza kumaliza zoezi zima kwa dakika kumi na bado akakosa nusu ya majibu. Alijipima kuzidisha, na swali lilikuwa linampima kitu kingine: je, anajua ile sehemu aitoe wapi?

Vyanzo viko vitatu. Unaweza kuhesabu matokeo yote yanayowezekana kabla hujarusha chochote; hiyo ni njia ya nadharia. Unaweza kurusha mara nyingi huku ukiandika kinachotokea. Hiyo ni njia ya jaribio. Au unaweza kuchukua wachache kutoka kundi kubwa, ukawahesabu, kisha ukauhamishia uwiano wao kwenye kundi zima. Hiyo ni njia ya sampuli.

| | Nadharia | Jaribio | Sampuli |
|---|---|---|---|
| Sehemu inatoka wapi | Orodha ya matokeo yote | Rekodi ya tendo lililorudiwa | Hesabu ya wachache waliochaguliwa kwa nasibu |
| Sharti | Kila tokeo liwe na nafasi sawa | Tendo lisibadilike njiani | Kila mmoja kwenye kundi awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa |
| Inafaa kwa | Sarafu, dadu, gololi mfukoni | Kifuniko cha chupa, pini, mbegu | Wanafunzi wa shule nzima, samaki wa bwawa |
| Kosa linaloivizia | Kuhesabu kama sawa matokeo yasiyo sawa | Majaribio machache mno | Upendeleo katika kuchagua |

Nadharia: nyepesi, lakini inadai usawa

Hatua zake ni nne. Orodhesha matokeo yote. Hesabu yanayotakiwa. Andika yanayotakiwa kama kiasi na yote kama asili. Zidisha sehemu hiyo kwa idadi ya mara. Dadu likirushwa mara 240, namba kubwa kuliko 4 inatarajiwa kutokea mara ngapi? Zinazotakiwa ni 5 na 6, yaani 2/6, sawa na 1/3. Na 1/3 × 240 = 80.

Jibu ni "takriban mara 80", na hilo neno takriban si pambo. Kuna kanuni fupi ya kujua takriban ni kiasi gani: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya mara. Kipeuo cha pili cha 240 ni karibu 15. Ukirudia zoezi hilo zima mara nyingi, katika mara 95 au zaidi kati ya 100 tokeo halitapita 15 juu au chini ya ubashiri wako, kwa hiyo litakuwa kati ya 65 na 95. Kanuni hii inakaa sawasawa pale uwezekano ukiwa nusu. Uwezekano ukisogea mbali na nusu, huacha nafasi kubwa kuliko inayohitajika, jambo ambalo halina madhara. Vitabu vingi huiacha mpaka madarasa ya juu. Kwa maoni yetu ni kosa, maana mwanafunzi anayejua kipeuo cha pili anaiweza leo, na bila hiyo hana namna ya kusema kama 71 ni tokeo la kawaida au la kushtua.

Njia ya nadharia huanguka pale orodha inapochanganya matokeo yenye uzito tofauti. Rusha sarafu mbili pamoja mara 60. Wengi husema matokeo ni matatu: vichwa viwili, namba mbili, au mchanganyiko, hivyo kila moja mara 20. Siyo. Ziite sarafu A na B, na matokeo yanakuwa manne: kichwa-kichwa, kichwa-namba, namba-kichwa, namba-namba. Mchanganyiko una njia mbili za kutokea. Ubashiri sahihi ni 15, 30 na 15.

Asione haya anayeteleza hapo. Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa wa zama zake, alijiuliza uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili. Aliona hali tatu: kichwa mara ya kwanza (mchezo unakwisha), kichwa mara ya pili, au kukosa kabisa. Akajibu 2/3. Jibu ni 3/4, kwa sababu ile hali yake ya kwanza ina uzito wa nusu nzima na zile mbili nyingine zina robo moja moja.

Madadu mawili yana mtego huo huo katika umbo kubwa zaidi. Jumla zinazowezekana ni 11, kuanzia 2 hadi 12, na mwanafunzi mwenye haraka huandika 1/11 kwa kila moja. Jozi ziko 36. Jumla ya 7 inapatikana kwa jozi 6, jumla ya 2 kwa jozi moja tu. Katika mirusho 180, bashiri saba mara 30 na mbili mara 5. Dawa ni kuchora jedwali la sita kwa sita, hata kama unadhani hulihitaji.

Jaribio: kwa vitu visivyo na ulinganifu

Kifuniko cha chupa kina pande mbili, ila hakuna anayeweza kuapa kwamba zina nafasi sawa. Ukingo wake umekunjwa, uzito umelalia upande mmoja. Kuandika 1/2 kwa sababu "pande ni mbili" ni kosa la ukoo mmoja na lile la d'Alembert. Hapa hakuna cha kuorodhesha, inabidi urushe.

Amua kwanza utarusha vipi: kimo gani, juu ya sakafu ya namna gani, na nini kitahesabiwa kama kifuniko kikisimama kwa ukingo. Amua pia idadi ya mirusho kabla hujaanza, na usiache kurusha kwa sababu namba zimekupendeza. Anayesimama pale anapopenda matokeo anajitengenezea jibu. Rekodi kila mrusho kwa vijiti vya tano tano, kisha gawa.

Tuseme umerusha mara 50 na kifuniko kimelala wazi juu mara 34. Sehemu ni 34/50, yaani 0.68. Kikirushwa mara 300, ubashiri ni 0.68 × 300 = 204.

Ugumu wa njia hii uko kwenye ile 0.68 yenyewe. Kwenye dadu, 1/3 ni hakika na kinachoyumba ni matokeo tu. Kwenye kifuniko, sehemu nayo inayumba. Kanuni ya kipeuo inafanya kazi hapa kwa sura nyingine: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Kwa majaribio 50 unapata karibu 0.14. Hivyo sehemu ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.54 na 0.82, na ubashiri wa mirusho 300 unatanuka kutoka 162 hadi 246. Ni pana, ndiyo. Majaribio 100 hukupa 0.10, majaribio 400 hukupa 0.05. Angalia bei yake: ili kupunguza kosa liwe nusu, kazi inaongezeka mara nne. Kwa mradi wa darasani, wanafunzi 20 wakirusha mara 20 kila mmoja na kujumlisha rekodi zao, mnafika 400 ndani ya kipindi kimoja. Hakikisheni tu vifuniko ni vya aina moja.

Kuna jambo linalowachanganya hata walimu: majaribio yakiongezeka, ni *uwiano* unaosogea karibu na ukweli. Tofauti ya idadi inaweza kukua. John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akiandika. Katika 10 za kwanza alipata vichwa 4, katika 100 vichwa 44, katika 1,000 vichwa 502, na katika 10,000 vichwa 5,067. Kwa idadi, alipishana na nusu kwa 1, kisha 6, kisha 2, mwisho 67. Kwa asilimia, alipishana kwa 10, kisha 6, na mwisho chini ya 1. Anayetarajia vichwa na namba vije "kulipana" ili idadi zilingane atasubiri sana.

Kosa dogo la kalamu, lakini linalokula alama nyingi: kukadiria mapema. Kitu kimetokea mara 17 kati ya 60. Bashiri kwa mara 900. Anayegeuza 17/60 kuwa 0.3 anapata 270. Anayeiacha sehemu ilivyo anapata 17 × 15 = 255. Kadiria mwisho, si katikati.

Nadharia na jaribio zikigombana

Dadu limerushwa mara 60. Nadharia inasema sita itokee mara 10. Imetokea mara 14. Utumie 1/6 au 14/60 kubashiri mirusho ijayo?

Kipeuo cha pili cha 60 ni karibu 8. Tofauti ni 4. Iko ndani, kwa hiyo dadu halijakupa sababu ya kulishuku. Baki na 1/6. Sasa chukua dadu jingine lililorushwa mara 600 na kutoa sita mara 140. Sehemu ni ile ile, 14/60. Lakini kipeuo cha pili cha 600 ni karibu 24, na tofauti kutoka 100 ni 40. Hapo nadharia imeshindwa: dadu hilo limeegemea, na sehemu ya kutumia ni 140/600. Uwiano ni mmoja, hukumu ni mbili, kwa sababu ya wingi wa majaribio tu. Swali linalotoa uwiano bila kutaja idadi ya majaribio haliwezi kuamuliwa, na mwanafunzi ana haki ya kuandika hivyo.

Madadu ya kweli yamewahi kupimwa. Mwaka 1894 Walter Weldon, mwanabiolojia wa Uingereza, alikusanya rekodi za mirusho 26,306 ya madadu 12 kwa pamoja, sawa na dadu moja moja 315,672. Kwa nadharia, 5 au 6 zilitakiwa kuonekana mara 105,224. Zilionekana mara 106,602. Zimezidi kwa 1,378, wakati kipeuo cha pili cha 315,672 ni karibu 562. Maelezo yanayokubalika zaidi ni vishimo: upande wenye vitobo sita vilivyochimbwa ni mwepesi kidogo kuliko ule wenye kitobo kimoja ulio mkabala wake. Hata hivyo mwegemeo huo ni mdogo, 0.3377 badala ya 0.3333. Kwa mirusho 240 ubashiri unatoka 80 kwenda 81, na hakuna wa kuuona. Nadharia inatosha kwa mazoezi yako.

Sampuli: kutoka wachache kwenda wengi

Shule ina wanafunzi 640. Umewauliza 40, na 14 wamesema huja kwa miguu. Uwiano ni 14/40, yaani asilimia 35, na 35% × 640 = 224. Kwa sampuli ya 40, kosa la kawaida ni 1 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 40, karibu 0.16. Kwa hiyo kweli inaweza kuwa kati ya 122 na 326. Ukitaka jibu la kutegemewa zaidi, waulize 100.

Lakini wingi si tiba ya kila kitu, na hapa ndipo sampuli inapotofautiana na jaribio. Kifuniko hakina hiari ya kukataa kurushwa. Watu wanayo, na anayechagua watu naye ana mazoea yake. Ukiwauliza 40 wa kwanza kupita getini, huenda umewapata wanaokaa karibu, ambao ndio hao watembea kwa miguu. Ukiuliza marafiki zako, utapata mtaa wako. Njia safi ni hii: chukua orodha yote yenye namba 1 hadi 640, gawa 640 kwa 40 upate 16, bahatisha namba moja kati ya 1 na 16, tuseme 9, kisha chukua wa 9, wa 25, wa 41, na kuendelea hadi wa 633. Utapata 40 kamili, na kila mwanafunzi alikuwa na nafasi moja kati ya 16.

Wakijibu 35 tu kati ya 40, asili ya sehemu ni 35, si 40. Ukiandika 14/40 umewahesabu walionyamaza kana kwamba wote wamesema hapana. Hata 14/35 inabaki na shaka, maana walionyamaza huenda si sawa na waliosema.

Mfano unaojulikana wa sampuli kubwa iliyopotoka ni wa uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1936. Gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10, likitumia orodha za wasomaji wake, wenye simu na wenye magari. Zilirudi kama milioni 2.4. Kwa uwiano wa karatasi hizo lilibashiri Rais Franklin Roosevelt angepata asilimia 43 na kushindwa. Alipata takriban 61. Ukipiga kanuni ya kipeuo kwa milioni 2.4 unapata kosa lisilofika hata nusu ya nusu ya asilimia moja! Kanuni hiyo hupima kuyumba kwa nasibu. Haijui chochote kuhusu orodha iliyowaacha maskini nje, wala kuhusu wale ambao hawakujisumbua kurudisha karatasi. George Gallup, mpima maoni aliyetumia sampuli ndogo zaidi mara nyingi, takriban watu 50,000, aliona mapema kwamba Roosevelt angeshinda.

Uwiano upi? Neno moja, mizigo miwili

Kiswahili hutumia "uwiano" kwa mambo mawili ambayo ni vyema kuyatenganisha kabla ya kubashiri. Kuna uwiano wa sehemu kwa sehemu, kama "nyekundu kwa buluu ni 3 kwa 5". Na kuna uwiano wa sehemu kwa nzima: nyekundu ni 3 kati ya 8. Uwezekano daima ni wa sehemu kwa nzima.

Mfuko una gololi nyekundu na za buluu kwa uwiano wa 3:5. Unatoa moja, unaitazama, unairudisha, mara 120. Nyekundu ngapi? Anayeandika 3/5 × 120 anapata 72. Jumlisha kwanza: 3 + 5 = 8. Kisha 3/8 × 120 = 45. Kipimo cha haraka ni kubashiri na buluu pia: 5/8 × 120 = 75, na 45 + 75 = 120. Aliyepata 72 atagundua kwamba nyekundu zimekuwa nyingi kuliko buluu, wakati buluu ndizo zilizo nyingi mfukoni. Hilo peke yake lingemshtua, kama angeangalia.

Na kama gololi hazirudishwi, sehemu hubadilika kila unapotoa moja. Mfuko wenye 3 nyekundu na 5 buluu, ukishatoa nyekundu moja, umebaki na 2 kati ya 7.

Kuzidisha moja kwa moja au kupanga mlinganyo?

Ukishapata sehemu, kuna uchaguzi wa pili, mdogo zaidi. Mbegu 18 kati ya 24 zimeota. Bashiri kwa mbegu 500.

Kwa kuzidisha: 18/24 ni 3/4, na 3/4 × 500 = 375. Kwa mlinganyo wa uwiano: 18/24 = x/500; zidisha mshazari, 24x = 9,000; x = 375. Kwa "mara ngapi": 500 ni 24 mara 20.83, kwa hiyo 18 × 20.83. Njia hii ya tatu ni ya kasi ajabu mbegu zikiwa 240 (mara 10, jibu 180), lakini kwa 500 inachafuka. Itumie pale tu idadi kubwa inapogawanyika kwa ndogo bila baki.

Kuzidisha ni kufupi na kunafaa kila unapojua jumla na unatafuta sehemu. Kasoro yake hujitokeza swali likigeuzwa: unataka miche 600, upande mbegu ngapi? Mkono uliozoea huandika 3/4 × 600 = 450, yaani mbegu chache kuliko miche. Mlinganyo unakulinda, ilmradi uandike maneno pembeni:

zilizoota / zilizopandwa: 18/24 = 600/x

Hapo 18x = 14,400 na x = 800. Zilizoota juu pande zote mbili, zilizopandwa chini pande zote mbili. Makosa mengi ya kuzidisha mshazari hayatokani na kuzidisha. Yanatokana na kuweka 600 chini kwa sababu "namba kubwa hukaa chini".

Kwa mkulima wa kweli, 800 bado ni kidogo, kwa kuwa ni wastani: karibu nusu ya nyakati miche itapungua 600. Na ile 3/4 imetoka kwenye mbegu 24 tu, yenye kosa la karibu asilimia 20. Ndiyo maana upimaji rasmi wa uotaji wa mbegu hutumia mbegu 400, kwa kawaida katika mafungu manne ya 100. 400 ndiyo inayoshusha kosa hadi asilimia 5 au chini yake.

Mlinganyo ndio wa kuchagua pia pale kisichojulikana ni kundi zima. Samaki 60 wamevuliwa, wakawekewa alama, wakarudishwa bwawani. Baadaye wamevuliwa 80, na 12 kati yao wana alama. Ikiwa alama zimesambaa sawasawa, basi 12/80 = 60/N, hivyo 12N = 4,800 na N = 400. Inaharibika alama zikidondoka (N inaonekana kubwa kuliko ilivyo), samaki wenye alama wakikaa pale pale ulipowaachia nawe ukavua hapo hapo (N inaonekana ndogo), au muda ukipita mrefu kiasi cha wengine kuzaliwa na kufa. Mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace alitumia hesabu ya ukoo huu mwaka 1802 kukadiria watu wa Ufaransa. Katika maeneo ya sampuli aliyopewa palikuwa na watu 2,037,615 na wastani wa vizazi (yaani watoto waliozaliwa) karibu 71,866 kwa mwaka, yaani watu 28.35 kwa kila kizazi. Akazidisha kwa vizazi vya nchi nzima, karibu milioni moja, akapata zaidi ya watu milioni 28.

Jibu likitoka na desimali, usifadhaike. Dadu mara 100 linatoa sita mara 16.67 kwa ubashiri. Andika takriban 17. Asilimia nayo ni vazi tu la kuzidisha, nzuri kwa kulinganisha makundi mawili, hatari pale 1/6 inapogeuzwa kuwa 17% kisha ikazidishwa kwa 6,000: unapata 1,020 badala ya 1,000.

Namba zile zile, njia tatu

Hili ni swali la kujipima. Kitu kimejaribiwa mara 10 na kimetoa "ndiyo" mara 7. Baada ya 100 zote, "ndiyo" zitakuwa ngapi?

Kama ni sarafu, na "ndiyo" ni kichwa, mirusho 90 iliyobaki inatarajiwa kutoa 45. Jumla 52. Anayejibu 50 anadhani sarafu itashusha mwendo ili kulipa deni, na ni dhana hiyo iliyowapoteza wachezaji wa kasino ya Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913, gurudumu la kamari lenye nyekundu na nyeusi lilipotoa nyeusi mara 26 mfululizo huku wao wakizidi kuwekea nyekundu. Anayejibu 70 ameacha 1/2 ya hakika kwa ajili ya mirusho 10, ambayo kipeuo chake ni karibu 3 na tofauti ni 2 tu.

Kama ni kifuniko cha chupa, 1/2 haina hadhi yoyote. Unachojua ni 7/10 tu: 0.7 × 90 = 63, jumla 70. Lakini 1 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 10 ni karibu 0.32, hivyo ubashiri huo unaweza kukosea kwa zaidi ya 28 kwenda chini. Rusha zaidi kwanza.

Kama ni watu 10 waliochaguliwa kwa nasibu kutoka kundi la 100, ubashiri ni 70 vile vile, na upana wake unakaribia ule wa kifuniko: kutoka kama 38 kwenda juu. Kwenda juu mpaka wapi? Si 100, bali 97, kwa kuwa watatu wamekwisha kusema hapana.